Ekzosi ya Dizeli ya Zamani: Fedha Iende Mbele

Ekzosi ya gari la dizeli lenye umri mkubwa haifi ghafla. Huanza kutoa mlio wa "chup, chup, chup" asubuhi injini ikiwa ya baridi. Baadaye harufu ya moshi inaingia ndani mkiwa kwenye foleni, na siku moja unapandisha mlima gari likinguruma hadi watoto njiani wanageuka kulitazama. Hapo mwenye gari hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea, na fundi naye huuliza swali lake la kwanza: "Bosi, unataka ya kawaida au ya mlio?"

Swali hilo ndilo linalopoteza wengi. Linakufanya ufikirie sauti kabla hujajua kilichoharibika, wala kwa nini kimeharibika. Makala haya ni ya wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, Hilux za 2L, 3L na 5L, Prado na Surf za 1KZ, Patrol za TD42, Defender za 300Tdi na nyingine za rika hilo, magari ambayo bado yanabeba mkaa, watalii, walimu na mahindi nchi nzima. Ninachotaka kukushawishi ni kwamba ekzosi ina nusu mbili. Nusu ya mbele inaanzia kwenye injini na kuishia usawa wa giaboksi; nusu ya nyuma ni silensa na mkia wake. Kama mfuko hauruhusu kufanya zote vizuri, nunua mbele kwa fedha nzuri, nyuma uunge kwa bei rahisi. Wengi wanafanya kinyume kabisa: wananunua silensa inayong'aa na kuifunga kwenye bomba la mbele lililooza.

Kabla ya kununua chochote, kubaliana na jambo moja. Ekzosi mpya haiponyi moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa inayoyachoma, na dawa yake iko kwenye filta ya hewa iliyojaa vumbi, nozeli zilizochoka au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto unaweza kuwa dizeli isiyoungua vizuri, au maji ya rejeta yanayopenya kwenye silinda. Ukitumia akiba yako kwenye ekzosi huku nozeli zimekufa, utakuwa umenunua bomba jipya la kutolea moshi uleule.

Ekzosi kuziba hutokea, ila si mara nyingi kwenye dizeli za zamani. Kinachotokea ni vigawanyo vya ndani ya silensa kukatika na kulala vikaziba njia. Gari linawaka vizuri na kutembea vizuri taratibu, lakini ukikanyaga mafuta linakataa kuongeza mwendo na injini inapanda joto. Gonga silensa kwa ngumi au nyundo ya mpira ikiwa imepoa. Ukisikia vyuma vinacheza ndani, umeshapata jibu.

Mahali panapovuja ni rahisi kupatikana ukienda asubuhi. Acha gari lilale, fungua boneti, washa injini, kisha sogeza kiganja karibu na maungio ya manifodi bila kugusa chuma. Pumzi ya moshi utaihisi mkononi. Mwenzako akiziba mkia kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, shinikizo linaongezeka na palipotoboka panaanza kupiga mluzi. Alama nyingine haihitaji hata kuwasha gari. Moshi wa dizeli unapovuja huacha masizi meusi yaliyosambaa kuanzia kwenye ufa, na masizi hayo ukiyafuata yanakupeleka mpaka kwenye tundu lenyewe. Halafu chukua bisibisi, ingia chini, bonyeza bomba kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na bisibisi ikizama, hapo hapafai kupigwa kiraka, kwa sababu fundi atachomelea kwenye kutu na moto wa weldi utafungua tundu jingine pembeni.

Sasa jiulize kilichoiua. Ekzosi nyingi huoza kuanzia ndani. Kila lita moja ya dizeli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke bomba likiwa la moto na kubaki kama maji bomba likiwa la baridi. Salfa iliyomo kwenye mafuta ikikutana na maji hayo inatengeneza asidi. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia Januari 2015, na hilo lilisaidia, lakini maji hayajaondoka. Gari linalotoka Dodoma kwenda Singida linakausha ekzosi yake mpaka mkiani. Gari linalopeleka watoto shule mtaa wa pili na kurudi halipati moto wa kutosha hata siku moja, na silensa yake inalala na maji kila usiku. Ndiyo maana silensa nyingi za kiwandani zina tundu dogo sehemu ya chini kabisa. Si ubovu. Ni mlango wa maji, na fundi akiliziba kwa weldi kwa kudhani anakusaidia, amekufupishia maisha ya silensa hiyo.

Wa Tanga, Dar, Zanzibar na Mombasa wanaongezewa adui wa nje, yaani hewa ya chumvi. Huko kutu inakula kutoka pande zote mbili, na waliozoea kuegesha karibu na bahari au kupita na magari ufukweni wanajua raba na vishikizo vinavyokwisha kabla ya bomba. Kuosha gari chini kwa maji baridi, si bodi peke yake, ni kinga ya bei rahisi kuliko chuma chochote utakachouziwa.

Ukishajua kilichoharibika, zipo ekzosi za aina nne za kuchagua kati yake. Ekzosi halisi ya kampuni iliyotengeneza gari inakaa bila ubishi: kona zake zinapita zilipokusudiwa, flenji zinakutana, raba zinaingia. Tatizo ni bei, na kwa magari ya miaka ya 1990 mara nyingi utaambiwa usubiri iagizwe. Ya pili ni kopi zinazouzwa kwenye maduka ya spea, Kariakoo na kwingineko. Hizi zinatofautiana sana. Nyingine zinakaa karibu sawa na halisi, nyingine flenji imepinda toka kiwandani na bolti haziingii mpaka ulazimishe. Hapa jina lililoandikwa kwenye boksi halikusaidii sana. Kinachokusaidia ni kwenda na bomba lako la zamani na kuliweka sakafuni kando ya jipya. Tazama pembe za kona, nafasi ya vishikizo, idadi ya matundu ya flenji. Muuzaji anayekataa ufanye hivyo anajua kwa nini anakataa. Kwa sababu hiyo usimruhusu fundi auze bomba kuukuu kwa wanunua chuma chakavu kabla jipya halijafungwa. Hilo bovu ndilo kipimo chako.

Ya tatu ni ya mtumba kutoka kwenye magari yaliyokatwa, na mimi ndiyo ninayoiogopa zaidi kuliko zote. Nje inaweza kuonekana nzuri kwa kuwa imepuliziwa rangi ya fedha jana yake. Washa tochi ya simu, chungulia ndani kupitia kwenye flenji. Ukiona magamba ya kutu yanabanduka tabaka kwa tabaka, iache. Inyanyue kwa mkono mmoja na kuitikisa. Silensa iliyooza ndani ni nyepesi kupita inavyostahili na ina kitu kinachocheza. Magari mengine ya Japani yametoka mikoa ya baridi, kama Hokkaido, ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, na sehemu zake za chini zimeliwa kabla hazijapanda meli. Manifodi ya mtumba ni jambo jingine. Hiyo ni chuma cha kusubu, haiozi upesi, na ukiikagua vizuri kama haina ufa ni ununuzi mzuri.

Ya nne ni ya kutengenezewa na fundi, na ukweli ni kwamba wengi wetu tutaishia hapo. Sioni kuwa ni jambo la aibu. Fundi mzuri mwenye mashine ya kukunja mabomba anaweza kukupa ekzosi itakayodumu kuliko kopi ya dukani. Lakini fundi mzuri unamtambua kabla hajawasha mashine, kwa kona zake. Omba akuonyeshe kona aliyoikunja kwa kazi nyingine. Kama bomba limepondeka kwenye kona na kuwa kama yai, hapo ndipo moshi utakapobanwa, hata kama kwingine kote ni pana. Bomba la inchi mbili na nusu lenye kona moja iliyopondeka linapitisha kadiri kona hiyo inavyoruhusu. Wengine huunganisha vipande vifupi vifupi vilivyokatwa kwa pembe, vikaonekana kama mgongo wa kamba wa baharini. Kila kiungo hapo ni mahali pa kutu kuanzia.

Tukifika kwenye chuma chenyewe, maswali yapunguze yawe mawili: ni chuma gani, na kina unene gani. Chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 1.5 kinatosha kwa nyuma kama unakaa bara na unaendesha safari ndefu. Chuma kilichopakwa alumini kinadumu zaidi na bei yake si ya kutisha. Stenlesi ndiyo inayosifiwa, na hapo chukua sumaku mfukoni. Zipo aina mbili zinazotumika sana kwenye ekzosi. Ile ya namba 409, yenye kromiamu karibu asilimia 11, inashika sumaku, na itapata kutu ya juujuu bila kutoboka haraka. Ile ya 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, sumaku karibu haiigusi, na ndiyo ya kuwekwa pwani. Ukiuziwa kwa bei ya 304 bomba linalonasa sumaku kama mlango wa jokofu, rudisha.

Kuna bomba ambalo sitaki liguse gari lako kabisa, nalo ni la maji lililopakwa zinki. Mafundi hulipenda kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na ni nafuu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto 420, na kwenye manifodi, injini ikivuta mzigo mlimani, moshi unapita nyuzi 500. Kinga yote ya kutu inaondoka siku za mwanzo. Baya zaidi ni kwa fundi mwenyewe. Moshi mweupe unaotoka anapochomelea zinki humletea homa na baridi usiku, na hajui kaipata wapi. Bomba jeusi la maji halina zinki, lakini ni nene na zito. Likining'inia kwenye manifodi kwa miezi kadhaa katika barabara za changarawe, stadi za manifodi zinaanza kukatika moja baada ya nyingine. Nako kuchomelea stenlesi kwenye chuma cha kawaida kwa fimbo za kawaida ni kujitafutia kutu kwenye kiungo. Kuna fimbo za kazi hiyo, namba 309. Muulize fundi kama anazo. Akishangaa, mwambie atumie chuma cha aina moja mwanzo hadi mwisho.

Sasa lile la nguvu. Nimesikia yote mawili: kwamba injini inahitaji ekzosi iibane kidogo ndiyo iwe na nguvu, na kwamba ukitoa silensa gari linapata mbio. Kwenye dizeli ya zamani isiyo na tabo yote mawili hayana msingi. Injini ya petroli inaongozwa na hewa inayoingia. Dizeli inaongozwa na mafuta. Ukikanyaga mafuta kwenye 1HZ yenye cc 4,164 unaiambia pampu imwage zaidi, wakati hewa ilikuwa inaingia kwa wingi tangu mwanzo. Ukipanua ekzosi bila pampu kubadilisha kiasi cha mafuta, utakachopata zaidi ni kelele. Hilux ya 3L haiwi gari la mashindano kwa sababu ya bomba la inchi tatu. Kwa hiyo kwa injini hizi weka upana uleule wa kiwandani, au ongeza robo inchi kama mabomba yaliyopo dukani yanakulazimisha, kisha usahau habari hiyo.

Zenye tabo ni hadithi nyingine, na hapa inafaa kutumia fedha. Tabo inazungushwa na moshi unaopita, na ikikuta upande wa pili bomba limebana inapata kazi ya ziada. Ukilegeza njia baada ya tabo, inaamka mapema na joto la moshi linapungua. Kwa 1HD-T na 1HD-FTE za Land Cruiser, bomba la inchi tatu baada ya tabo ni jambo la kawaida miongoni mwa wanaozijua. Kwa 1KZ-TE nasisitiza zaidi, kwa sababu kila fundi wa Prado atakueleza jinsi silinda hedi yake inavyopenda kupasuka ikichemka. Chochote kinachopunguza joto kwenye injini hiyo ni msaada. Ila panua kuanzia pale tabo inapotolea. Ukipanua silensa na mkia huku kile kipande kifupi cha mwanzo kinachotoka kwenye tabo kimebaki chembamba, hujafanya kitu.

Hapo tumerudi mbele, na sasa nieleze kwa nini nasema fedha iende huko. Uvujaji wa nyuma ni kelele na aibu. Uvujaji wa mbele unaingia ndani ya gari kupitia kwenye matundu ya pedali na giaboksi. Unaunguza waya na mipira iliyo jirani. Kwenye gari la tabo, ukivuja kabla ya tabo, nguvu inapungua na dereva anaongeza mafuta ili kufidia, halafu anashangaa moshi mweusi. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na dereva ndiye anayeuvuta siku nzima akiwa amefunga vioo kwa ajili ya vumbi.

Kazi ya mbele, basi, ifanywe hivi. Siku moja kabla, stadi na nati zote zipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu, jioni na tena asubuhi. Fundi anayeanza kwa kuning'inia kwenye spana bila kuzilainisha atazikata, na stadi iliyokatikia ndani ya silinda hedi inaweza kukugharimu zaidi ya ekzosi nzima. Gasketi ziwe mpya, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Gasketi iliyokwisha kukandamizwa haifungi mara ya pili. Nati ziwe zile za shaba au zilizopakwa shaba, kwa sababu hazishikani na stadi kwa joto. Manifodi ndefu ya injini ya silinda sita ikishatolewa, iwekewe rula iliyonyooka juu ya uso wake. Mwanga ukipita chini ya rula, manifodi imepinda, na gasketi yoyote utakayoweka itaungua kabla ya mwezi. Ipelekwe ikasagwe uso, ndipo irudi.

Kama gari lako lilikuja na kile kipande kinachonyumbuka, kilichofumwa kwa nyaya nje, kirudishwe. Mafundi wengi hukikata na kuweka bomba gumu, na kwa siku za mwanzo huoni tofauti. Lakini injini ya dizeli inatikisika ikiwaka na ikizimwa, na inaegemea upande unapokanyaga mafuta. Mtikisiko huo ukikosa pa kuishia unakwenda kwenye manifodi, kwenye stadi au kwenye kichwa cha tabo. Ndivyo ilivyo pia kwa raba za kushikia. Fundi anayechomelea nondo kutoka kwenye bomba mpaka kwenye chasisi, eti isianguke, amekuletea kelele yote ya injini ndani ya gari, na bomba litakatika palepale alipochomelea. Raba za kununua ziko kila duka. Hata mkanda wa tairi kuukuu uliokatwa vizuri ni bora kuliko nondo.

Njia ambayo bomba litapita inastahili dakika zako mwenyewe, usimwachie fundi. Liwe mbali na tangi la mafuta, mabomba ya breki, waya na kamba ya breki ya mkono; kama halina budi kupita karibu, kipande cha bati kiwekwe katikati kuzuia joto. Lisigusane na propela. Juu ya ekseli ya nyuma ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa sababu gari likiwa juu ya jeki, chasisi imenyanyuliwa na ekseli inaning'inia chini, nafasi inaonekana tele. Likishushwa na kupakiwa magunia, ekseli inapanda na kugonga bomba kila shimo. Mwambie fundi ashushe gari, mpakie watu au mzigo nyuma, halafu mpime. Nafasi ya vidole vinne kati ya bomba na difu gari likiwa limebeba ndiyo kiasi changu.

Mkia usiishie chini ya gari. Magari yenye mgongo wima, kama Land Cruiser za kubeba abiria na zile zinazorefushwa Arusha kwa ajili ya mbugani, hufyonza hewa kwa nyuma yakiwa mwendoni. Mkia ukiishia kabla ya bampa, moshi unazunguka na kuingia kupitia kwenye mlango wa nyuma au paa lililofunguliwa, na wageni wako wanarudi hotelini wakiumwa kichwa. Mkia utoke nje ya bodi, pembeni au nyuma, na usielekee ardhini mahali penye nyasi kavu. Kwa wanaoingia porini wakati wa kiangazi, nyasi zinazojikusanya juu ya bomba na silensa zinawaka kweli, na zimeshateketeza magari. Ekzosi isiwe na kona wala vipembe vya kuzinasa, na kila mnaposimama chungulieni chini.

Kuhusu silensa nitakuwa mfupi. Zenye vyumba ndani ni tulivu na nzito, na zinashika maji. Zile zilizonyooka zenye bomba la matundu na sufi ya kioo pembeni zinapitisha vizuri, lakini kwenye dizeli sufi hiyo inajaa masizi na kuisha, na kelele inaongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa gari la nyumbani chagua ya vyumba. Kuondoa silensa kabisa ni kujitafutia trafiki, na kwenye ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani hutapata hoja ya kujitetea. Kama dizeli yako ni ya karibuni zaidi na ina kichujio cha masizi kinachosimamiwa na kompyuta, makala haya si yako. Ukikikata, kompyuta italalamika na gari litapunguza nguvu lenyewe. Mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta kwanza.

Siku ya kuchomelea, waya hasi wa betri utolewe. Altaneta na kompyuta havipendi umeme wa weldi, na hata 1HZ isiyo na kompyuta ina altaneta. Klampu ya ardhi ya mashine ishikwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, si kwenye bampa la mbele. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu. Kazi bora ni bomba kushikizwa kwa nukta chache likiwa chini ya gari, kisha litolewe na kuchomelewa lote mezani, ambako fundi anaona mzunguko mzima wa kiungo. Anayechomelea lote likiwa juu hafiki upande wa juu, na huko ndiko litakakovuja.

Na dai flenji. Ekzosi iwe vipande vitatu vinavyofunguka kwa spana: cha mbele, cha silensa, cha mkia. Mafundi wengi watakwambia flenji ni gharama bure, wakaunganisha yote kuwa bomba moja kutoka injini mpaka nyuma. Siku klachi itakapokwisha, giaboksi haitashuka mpaka ekzosi ikatwe kwa grainda, na utalipia kuchomelewa upya kitu kilichokuwa kizima. Mnapokubaliana bei, ulizia jumla yenye gasketi, raba, bolti, flenji na kazi, kwa sababu bei ya "ekzosi" peke yake huongezeka kila fundi anapoingia chini ya gari. Chukua risiti yenye maelezo ya chuma kilichotumika na muda atakaokurekebishia bure pakivuja.

Kabla hujaondoka gereji, rudia lile jaribio la kuziba mkia kwa kitambaa. Usikubali kuambiwa patajiziba penyewe kwa masizi. Kisha endesha kwa wiki moja au mbili, pamoja na safari moja ya kulipasha gari moto, na urudi likiwa limepoa nati zote zikazwe upya, kuanzia kwenye manifodi. Gasketi mpya hujikandamiza baada ya joto la kwanza, na nati zilizokuwa ngumu siku ya kufungwa zitakubali robo nzima ya mzunguko.